Siku Nane za Wino wa Feruzi

Jumatatu, 6 Mei

Wino umefika ofisini! Chupa ndogo, kizibo cheusi, rangi ya feruzi. Si bluu, si kijani, uko katikati, na ukiuinua dirishani unawaka. Nimeununua Jumamosi kwa muuza vifaa vya ofisi. Aliniuliza mara mbili kama ni wa mtoto. Nikamwambia ni wa kazi. Akanitazama kwa huruma, akanifungia.

Lengo liko wazi. Ijumaa Bosi atachagua karani wa kuandika majina kwenye hati za utumishi mrefu, zile zinazotundikwa ukutani kwa fremu. Mwaka jana alimchagua Tai. Tai ni karani mwenzangu hapa masjala ya ofisi ya maji. Kijana wa juzi, anafunga tai hata siku ya kufagia stoo, na herufi zake zote zimelala upande kama zimechoka. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo kwa sauti ya juu ili ofisi nzima idhani mimi ni mzee. Nina miaka arobaini na sita tu!

Bosi yuko semina, anarudi Alhamisi. Nafasi nzuri ya kujinoa.

Nikajaza kalamu ya wino niliyoachiwa na mjomba. Nikajaribu karatasi za mashine. Wapi! Wino unatambaa, herufi "a" inageuka kidimbwi. Nikajaribu bahasha. Kalenda ya ukutani. Kiganja changu. Karatasi pekee zenye maana ofisi hii ni zile za zamani ndani ya majalada ya watumishi, nzito, zimekuwa njano kwa uzee. Mezani kwangu, kwenye trei, lilikuwapo jalada la Shangazi, mama anayetupikia chai. Ukurasa wa mwisho nusu yake ilikuwa tupu. Nikasema mstari mmoja tu, kisha naichomoa ile karatasi.

Sasa niandike nini? Watu huandika majina yao. Langu nimelichoka. Nikaandika maneno ninayoyaona kila siku kwa miaka kumi na moja: "Nimekubali. Utekelezaji uanze mara moja." Tena kwa mwandiko wa Bosi, ambao naujua kuliko anavyoujua mwenyewe. Mkono ukanogewa, ukaweka na kile kijimkia cha sahihi yake. Uzuri ulioje! Hakuna herufi iliyotambaa.

Hapo Tai akapita, akaona vidole vyangu, akauliza kama nimeanza kuuza peremende. Nikamfuata hadi kwenye korido kumweleza tofauti ya wino na peremende. Ubishi ukachukua nusu saa. Niliporudi, trei ya majalada ilikuwa tupu. Afisa Utumishi alikuwa amepita kuchukua yake. Sikujali. Kichwani nilikuwa bado nabishana na Tai, na sasa nilikuwa nashinda.

Jumanne, 7 Mei

Aibu. Aibu tupu. Naandika haya nimejifungia stoo ya vifaa, nimekaa juu ya boksi la mabomba.

Saa nne chai haikuja. Saa tano ikaja bila sukari. Nikaenda jikoni kuuliza. Nikamkuta Shangazi ameshika barua, ameishika mbali na macho kama vile ukubwa wa herufi ungebadilisha habari. Amehamishwa. Anatakiwa kuondoka Jumatatu kwenda kituo cha pampu, kule kwenye chanzo cha maji. Safari ya siku nzima. Huko kuna mashine moja, walinzi wawili na mbu. Na binti yake ana mimba ya miezi minane, ya kwanza, na hana mtu mwingine wa kumshika mkono. Shangazi akaniuliza amekosa nini. Akaniuliza mimi!

Nilikimbilia jalada. Kumbe juu ya mstari wangu, kwenye ukurasa uleule, Afisa Utumishi alishaandika pendekezo tangu Februari: kituo cha pampu hakina mhudumu, apelekwe Shangazi. Bosi alikuwa amelikalia miezi mitatu. Hapa kwetu, Bosi akikalia jambo miezi mitatu maana yake ni hapana, ila hataki kusema. Jambo lilikuwa limekufa kwa amani. Nikalifufua kwa kujaribu kalamu.

Na rangi! Karani anaandika kwa bluu. Mhasibu kwa nyekundu. Kijani ni ya Bosi peke yake, na watu wa ofisi hii hawasomi maneno, wanasoma rangi. Wakiona kijani wanatekeleza, hata kama imeandikwa orodha ya mboga. Wino wangu ni feruzi, naapa. Lakini feruzi ukikauka juu ya karatasi ya njano unakuwa kijani kibichi, kizuri kuliko hata cha Bosi. Afisa Utumishi alidhani Bosi aliandika kabla ya kwenda semina. Akatekeleza mara moja, kama alivyoagizwa.

Ningemwambia palepale. Ofisi yake iko hatua kumi na mbili kutoka meza yangu. Nilizihesabu hadi tisa, nikakunja kona kwenda chooni.

Usiku, nyumbani. Mama watoto ameona siongei, akauliza kama tumbo linauma. Nikasema ndiyo. Nimepewa maji ya moto na kuambiwa nilale.

Jumatano, 8 Mei

Nina mpango! Kilichoandikwa kinafutika.

Nimekuja na dawa ya madoa ya mama watoto, ile ya kufulia mashuka, nimeificha kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nimeijaribu kwenye kipande cha karatasi. Feruzi ukayeyuka kama haukuwapo. Nikafurahi peke yangu. Nikamwendea Afisa Utumishi, nikamwambia jalada la Shangazi lina namba za kurasa zilizoruka, nalihitaji dakika tano. Akanipa bila hata kuinua kichwa. Kumbe wizi ni rahisi hivi!

Nikafungua jalada. Nikafungua chupa. Tai akaingia kwa ghafla, akanusa, akauliza kwa sauti nani anafua. Nikashtuka, nikabana chupa kwa mapaja. Haikuwa na kizibo.

Suruali yangu ya kahawia sasa ina nchi mbili nyeupe kama za ramani, moja kila paja. Jalada halikupata hata tone. Afisa Utumishi akaja kulichukua mwenyewe, akatazama mapaja yangu, akalibeba mbali na mwili wake. Nimeshinda siku nzima nimekaa. Waliokuja kuuliza majalada nimewaelekeza kwa mkono.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi lilikuja saa nane.

Shangazi alikuja na kiti chake kidogo, akakaa mbele ya meza yangu, akaniita mwanangu. Akasema anataka kumwandikia Bosi barua ya kuomba abaki, ila mkono wake si wa barua. Akasema amewaza nani ofisini ana mwandiko mzuri kuliko wote. Akasema si yule kijana wa tai. Ni mimi.

Miaka kumi na moja nangoja mtu aseme hivyo! Na amesema yeye, siku hii, akiwa ameniletea na chai ambayo sasa ilikuwa na sukari, na akaongeza kijiko kwa ajili yangu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nikamwandikia. Kwa bluu ya kawaida, bluu ya adabu. Niliandika habari za binti yake, habari za miaka yake ishirini na mbili jikoni, kwamba hajawahi kuchelewesha chai hata siku ya msiba wa mumewe. Hilo la msiba sikulijua. Aliniambia huku akinyoosha kitambaa magotini. Nikakosea tahajia ya neno "heshima" mara tatu, nikaanza upya kila mara. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilipomaliza akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akalia. Nami nikajifanya napiga chafya.

Alhamisi, 9 Mei

Bosi amerudi! Nimeamka na matumaini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Bosi ataona dokezo, atasema hakuandika yeye, litafutwa, na nani kaandika itabaki siri ya Mungu na mimi. Nilivaa suruali nyeusi, nikajipa kazi ya kupanga majalada kwenye kabati lililo nje ya mlango wake.

Afisa Utumishi akaingia na barua ya Shangazi na jalada. Mlango ukabaki wazi kidogo. Akasema mama huyu anaomba uamuzi wa Bosi uangaliwe upya. Bosi akauliza uamuzi gani. Moyo wangu ukaruka! Akafunua jalada. Nilimwona kwenye ule upenyo, anautazama mstari wangu, anageuza karatasi, anautazama tena. Uso wa mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Kisha akakohoa. Akasema ndiyo, uamuzi huu aliufikia baada ya kutafakari kwa kina, na hauwezi kubadilika kwa sababu ya barua moja.

Baada ya kutafakari kwa kina! Niliutafakari mimi, kwa muda wa kukausha wino!

Kosa langu ni kusahau Bosi ni mtu gani. Husahau kila kitu, na hajawahi kukiri kusahau kitu hata kimoja. Mwaka juzi alimkaribisha kazini kwa hotuba ndefu mtu aliyekuwa anaagwa. Alipogundua katikati, akamalizia hotuba.

Sasa jambo limepata mwenyewe. Kuanzia leo, nikisema ni mimi, nitakuwa nimemwita Bosi mwongo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu inazidi kurefuka na sasa tunaitembea wawili.

Shangazi alipoambiwa hakulia. Aliosha vikombe vyote, hata visivyotumika. Akaomba ruhusa saa tisa akafungashe.

Nimemweleza mama watoto kila kitu. Ilibidi, maana alikuwa ameiona suruali. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: nangoja nini? Nikasema nangoja wakati mwafaka. Akachukua mto, akaenda kulala chumba cha watoto.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeshinda! Naandika neno hilo kwa sababu niliahidi wiki nzima kuliandika. Halina ladha.

Saa tatu Bosi alituita mimi na Tai. Tai alikuja na kalamu yake ya rangi nne. Bosi akasema ameona mwandiko kwenye barua ya Shangazi, na kwamba ingawa ombi lenyewe amelikataa, barua ilikuwa safi sana. Hati za mwaka huu nitaandika mimi. Tai akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho na alijitahidi kutabasamu, na hata hilo sikuweza kulifurahia.

Nikakabidhiwa hati tisa na orodha ya majina. Bosi akasema anza hapahapa, nione. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Shangazi. Anapewa hati ya miaka ishirini na mbili, asubuhi ya Jumatatu, kabla ya gari la kumpeleka kwenye pampu.

Nikafungua kalamu. Ilikuwa bado na feruzi ndani. Nikaigusisha kwenye hati. Mkono ukagoma. Si kutetemeka, umegoma kabisa, kama punda. Bosi akauliza kuna nini. Nikasema.

Nikasema vyote. Karatasi, rangi, kijimkia, dawa ya madoa, suruali. Sikuweza kusimama katikati. Nilisema hata la kalenda ya ukutani, ambalo hakuna aliyeliuliza.

Bosi aliinuka akafunga mlango. Akarudi, akakaa. Akanitazama kwa muda ambao ningeweza kuandika hati zote tisa. Nilingoja kufukuzwa. Nilishaanza kuwaza nitaanzaje kumwambia mama mkwe. Ndipo nikaona shingo ya Bosi inabadilika rangi, na nikaelewa kwamba mle ndani aibu ilikuwa ya watu wawili.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba maneno haya hayatatoka chumba hiki. Akasema yeye, baada ya kuisoma tena barua ya mama yule kwa utulivu, ameona ina hoja. Shangazi atabaki. Akasema nipewe onyo la mdomo, na kwamba nimeshapewa. Akanyoosha mkono, nikampa chupa ya feruzi. Akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Hati akampa Tai.

Nilitoka nimelowa mgongo. Nilimpita Tai kwenye korido akijaribu kalamu yake ya rangi nne. Ameamua kutumia zote.

Jumamosi, 11 Mei

Nilidhani leo nitapumua.

Nusu siku ya kazi. Nilipoingia tu, Shangazi alinikumbatia mbele ya watu, na birika mkononi. Barua yako, mwanangu! Barua yako imemgeuza Bosi! Ameshamwambia mlinzi, ameshamwambia mhasibu, amewaambia hata mafundi wa mita walioingia kunywa maji. Mhasibu akanipigia makofi. Afisa Utumishi akasema hajawahi kuona barua ikimrudisha Bosi nyuma. Tai naye akapiga makofi, polepole, akitafuta kwenye uso wangu kitu asichokielewa.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua. Kilichotoka ni asante.

Kisha nikamuuliza, ili tu nibadilishe mazungumzo, kama bado hajafungua mizigo. Akacheka. Akasema mizigo si tatizo, tatizo ni kuku. Kuku gani? Kuku wake wa mayai, wanane na jogoo, aliowalea tangu vifaranga. Kwenye gari la ofisi kuku hawapandi. Kwa hiyo Alhamisi jioni, baada ya Bosi kukataa, aliwauza kwa kinyozi wa mtaani kwake, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mayai yale ndiyo yangekuwa ya binti yake akijifungua. Jana jioni alikwenda kuwaomba. Kinyozi akasema biashara imekwisha. Jogoo alikuwa ameshaliwa.

Alisema hivyo huku ananimiminia chai, kikombe cha kwanza kabla ya wote. Akasema si kitu, kuku ni kuku, mtoto ndiye mtoto. Lakini macho yake yalikuwa kwenye birika, hayakuinuka.

Alhamisi jioni. Kama ningesema Alhamisi asubuhi. Kama ningezimaliza zile hatua kumi na mbili Jumanne. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja, amekaa mezani, anakunywa chai niliyomiminiwa mimi.

Jumapili, 12 Mei

Nilikwenda kwa kinyozi. Nikawaona kupitia uani, wanane, wanachakura nywele zilizofagiliwa. Nikamwomba aniuzie. Akasema wanataga vizuri, hawauzi. Nikamwomba kwa sauti ya huzuni. Akanikalisha kwenye kiti, akidhani nimekuja kunyolewa, na nikaona haya kukataa. Nina kipara sasa.

Kutoka hapo nikaenda kwa Shangazi. Nimeazimia, nimesema moyoni, leo namwambia. Akanitolea kiti kizuri. Binti yake akatoka na tumbo lake, akanishukuru kwa barua kwa kupiga magoti kidogo, pamoja na hali ile. Uani kulikuwa na banda tupu, mlango wake umefungwa vizuri kwa kamba. Sijui kwa nini watu hufunga banda tupu. Nikatazama ile kamba, nikasema hali ya hewa ni nzuri.

Shangazi aliniuliza nani amekufa, kwa jinsi nilivyonyolewa.

Mama watoto amerudi chumbani kwetu lakini anaongea na ukuta. Ameuambia ukuta kwamba mwanamume mzima angemwambia yule mama ukweli kwa maneno matatu. Nimeyahesabu. Ni kweli, yanatosha: ilikuwa ni mimi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeamka mwepesi. Nimeona kosa lilipokuwa!

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Maneno hayakuwa na tatizo. Mwandiko haukuwa na tatizo, mwulize Bosi mwenyewe. Tatizo lilikuwa rangi. Feruzi si rangi ya kuaminika, haijui ni bluu au kijani, na mtu akiitumia lazima mambo yaharibike. Funzo nimelipata.

Shangazi asubuhi alipewa hati yake. Jina lake limeandikwa kwa rangi nne na amefurahi sana. Anastahili kufurahi zaidi. Sitamwambia kitu, maneno hayatagi mayai. Nitamrudishia kuku wake, kisha tutakuwa sawa, na hata huo ukuta utasema na mimi.

Mpango ni huu. Kinyozi hamsikilizi mtu wa kawaida, lakini ana bomba la maji, na mwenye bomba anaiogopa ofisi yetu. Kwa hiyo ataandikiwa. Nimeshachomoa karatasi moja ya njano, nzuri, kutoka jalada la mtu aliyestaafu. Barua inasema kuku wanane walioko uani kwake walikunywa maji ya mita iliyo chini ya uchunguzi, na wanatakiwa kurudishwa walikotoka, wakiwa hai, utekelezaji uanze mara moja.

Saa saba nilipita dukani. Nimechukua kijani halisi, kisicho na shaka, chupa kubwa. Imebaki kile kijimkia cha sahihi tu. Nimekijaribu mara tatu kwenye bahasha, na cha tatu kimetoka kizuri kuliko cha Bosi.